Kuomba chuo ukiwa Mtwara au Lindi: anza na masomo yako, daraja baadaye

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, ya kidato cha sita hutoka Julai, na kila yakitoka meza yangu hapa Masasi hujaa vijana. Wanatoka Lulindi, Chiungutwa, Ndanda, na wengine wanakuja kutoka Nachingwea kwa kusikia tu kwamba kuna mtu anasaidia kuomba vyuo. Nina steshenari ndogo jirani na stendi: kompyuta mbili, printa moja, na daftari la kaunta ambamo naandika kila niliyemjazia maombi, alichoomba na alichopata. Nikilipitia daftari hilo naumia. Wengi waliokosa chuo walikuwa na sifa. Waliomba kozi isiyowahusu, au jina kwenye cheti cha kuzaliwa halikufanana na jina la shule, au dirisha lilifungwa baba akiwa bado anasubiri mnada wa mbaazi. Nawaandikia hao, na wazazi wao, na wajomba wao ambao huku kwetu ndio mara nyingi wanabeba mzigo wa ada.

Hatua ya kwanza: ujue unabisha mlango wa nani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, mtihani wa kuingia chuo unafanyika lini?" Kwa sehemu kubwa ya vyuo vya Tanzania hakuna mtihani mwingine. Ule ulioufanya chini ya Baraza la Mitihani, NECTA, ndio chuo kinaoutazama. Mitihani ya kuingilia ipo michache, nayo nitaifikia.

Ukiwa na cheti cha kidato cha nne na unataka astashahada au stashahada, anayesimamia ni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, lile ambalo wazazi wengi bado wanaliita NACTE. Kozi za afya huombwa kupitia mfumo wa pamoja wa Baraza hilo. Kozi nyingine, kama uhasibu au maendeleo ya jamii, unaomba kwenye chuo chenyewe. Ukitaka shahada, vigezo vya chini vinawekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, lakini maombi unayapeleka moja kwa moja kwenye chuo kikuu. Vyuo vya ualimu vya Serikali hupokea maombi kupitia mfumo wa Wizara ya Elimu, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wake.

Kabla ya kufikiria Dar es Salaam au Dodoma, tazama vilivyo karibu, kwa sababu kodi ya chumba na nauli humrudisha nyumbani mwanafunzi kuliko masomo yanavyomrudisha. Mtwara mjini kuna Stella Maris kwa wanaotaka shahada, kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, vyuo vya ualimu na vyuo vya afya. Naliendele kuna chuo cha kilimo. Vyuo vya afya vipo pia Masasi, Newala, Ndanda, Nyangao na Lindi. Ualimu upo Kitangali na Nachingwea. VETA ipo Mtwara na Lindi, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo Masasi, Newala, Mtawanya na Chilala. Chuo Kikuu Huria kina vituo katika mikoa yote miwili, na huko unasoma ukiwa kwako.

Hatua ya pili: soma karatasi ya matokeo kwa kalamu mkononi

Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu zaidi na kila kijana, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Alikuja binti mmoja kutoka Chiungutwa na shangazi yake. Kidato cha nne alipata daraja la nne, pointi 28. Shangazi alikuwa ameshakata tamaa, anauliza bei ya cherehani. Binti alitaka uuguzi tu, hataki kusikia kingine. Nikachapa mstari wake wa matokeo kwa herufi kubwa tukauweka mezani: Uraia D, Historia D, Jiografia F, Elimu ya Dini ya Kiislamu C, Kiswahili C, Kiingereza F, Biolojia D, Hisabati F.

Nikampa kalamu. Kata F zote. Akakata tatu. Zikabaki tano. Sasa kata somo la dini. Akasita, maana ile C ilikuwa moja kati ya alama zake mbili bora, na aliipata kwa kujituma. Lakini kigezo cha vyuo kimeandikwa wazi: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia alama D. Akaikata. Yakabaki manne: Uraia, Historia, Kiswahili, Biolojia. Manne kamili.

Kwa hiyo shangazi alikosea, na binti naye alikosea. Mlango wa astashahada ulikuwa wazi kwake, kwa sababu kozi nyingi za biashara, ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii zinaishia kwenye hayo masomo manne. Uuguzi haukuwa wazi. Uuguzi na utabibu vinataka masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Famasi inataka Kemia na Biolojia ziwemo. Hisabati na Kiingereza katika uuguzi na utabibu vinakuongezea nguvu mkishindanishwa. Binti yule Kemia aliiacha alipoingia kidato cha tatu, na hakuna aliyemwambia siku ile kwamba anafunga mlango wa hospitali. Wazazi mlio na watoto kidato cha pili, lifikirieni hilo sasa. Mtoto anayesema anataka kuwa nesi asiache Kemia na Fizikia hata kama anapata D. D inatosha kuingia kwenye ushindani. Kuacha somo hakutoshi.

Kwa hiyo fanya hivi na karatasi yako. Kata F, kata dini, hesabu yaliyobaki. Yakiwa manne au zaidi, fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, ambao hutolewa bure kwenye tovuti yao, tafuta kozi, na soma mstari wa sifa neno kwa neno. Ukiona neno "yakiwemo", simama hapo: masomo yanayotajwa baada yake ni ya lazima. Yakiwa matatu au pungufu, usimpe mtu yeyote pesa ya maombi ya astashahada. Nenda ukarisiti. Watahiniwa wa kujitegemea hujisajili miezi ya mwanzo wa mwaka na kufanya mtihani Novemba, na unaweza kurudia masomo yale tu unayoyahitaji. Ukija kuomba baadaye, ingiza namba zote za mtihani, ya shule na ya kujitegemea, ili mfumo usome vyeti vyote viwili.

Jambo moja zaidi kuhusu daraja. Kwenye ualimu linatazamwa kweli: vyuo vya Serikali hutaka daraja la I hadi la III. Kwa hiyo mwenye pointi 26 kwenda juu, yaani daraja la nne, asipoteze bando kule.

Na kutimiza sifa bado si kuchaguliwa. Chuo cha afya cha Serikali kina nafasi chache na waombaji wengi wenye B na C. Mwenye D tupu aombe, lakini aweke na vyuo vya binafsi au vya mashirika ya dini kwenye orodha yake, akiwa ameshaijua ada yake.

Hatua ya tatu, kwa waliomaliza kidato cha sita

Hesabu ya hapa ni nyingine, na inaliza watu. TCU inataka alama mbili za ufaulu mkuu, yaani kuanzia A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 katika masomo mawili yanayohusika na kozi unayoomba. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S, ufaulu mdogo ulio chini ya E, haihesabiki hapa, na General Studies haiingii kabisa.

Sasa mfikirie kijana wa HGL mwenye Historia D, Jiografia E na Kiingereza E. Karatasi yake inasema daraja la tatu. Nyumbani wamechinja kuku. Akijumlisha yote matatu anapata 2 na 1 na 1, jumla 4, naye anaamini amefika. Lakini yanahesabiwa mawili tu, na mawili yake bora yanatoa 3. Hana sifa ya shahada. Mwenzake mwenye D mbili na F moja anayo. Nimeshawaeleza hivyo vijana waliokwisha kulipa maombi ya vyuo vikuu vitatu, na sitaki tena kumwona mtu akitoka mlangoni kwangu na sura ile.

Kijana huyo bado ana njia nzuri. Mwenye angalau ufaulu mkuu mmoja na S moja anaweza kuingia stashahada ya miaka miwili badala ya kuanza chini kabisa na wa kidato cha nne. Akimaliza na wastani wa GPA 3.0, na cheti chake cha kidato cha nne kikiwa na masomo manne ya kufaulu, anaomba shahada kwa stashahada ile. Wakati huo atahitaji namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, inayotolewa na NACTVET. Aiombe mara tu matokeo ya mwisho ya chuo yanapotoka, asingoje dirisha lifunguliwe. Njia nyingine ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, iliyowekwa kwa ajili ya waliokosa pointi kidogo.

Hatua ya nne: mitihani ya kuingilia iliyopo kweli

VETA ndio yenye mtihani ambao kijana wa kawaida atakutana nao. Maombi hupokelewa nusu ya pili ya mwaka, mtihani wa mchujo unafuata, na masomo huanza Januari. Hata aliyeishia darasa la saba anaruhusiwa kuomba fani nyingi. Vijana niliowajazia maombi walirudi wakisema kilichowatoa jasho ni hesabu za shule ya msingi: sehemu, asilimia, eneo la mstatili, kubadili sentimita kuwa mita. Kaa na vitabu vya darasa la sita na la saba wiki tatu, kila jioni, bila kikokotoo. Na uchague fani kabla ya kufika, maana umeme, magari, ushonaji na uchomeleaji havina idadi sawa ya waombaji. Ukichagua umeme kwa sababu wenzako wote wamechagua umeme, umeingia kwenye foleni ndefu kuliko zote.

Kwa fundi aliyejifunza mtaani, huyu mwashi wa Mkuti aliyejenga nyumba ishirini bila karatasi, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi: wanampima akiwa kazini kwake na kumpa cheti. Kwa mtu mzima anayetaka shahada na hana sifa za kawaida, TCU ina mtihani wa utambuzi wa mafunzo ya awali.

Na aliyeacha shule kidato cha kwanza au cha pili, awe alipata mtoto au alikwenda shamba, kuna Mtihani wa Maarifa wa NECTA, unaoitwa QT. Akiufaulu anaruhusiwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wadogo zangu wa kike, vyuo vya maendeleo ya wananchi vinafundisha njia hii. Ulizeni Masasi au Newala. Mtoto mgongoni si sababu ya kukataliwa.

Hatua ya tano: majina

Ningeweza kuiweka hii kuwa ya kwanza. Kwenye cheti changu cha kidato cha nne jina la baba liliandikwa Mohamedi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed. Herufi moja. Mwalimu aliyeorodhesha watahiniwa aliandika alivyosikia, mimi nikasaini bila kusoma. Nilipoomba fedha za masomo, maombi yangu yakakwama kwa herufi hiyo, nikaanza muhula wa kwanza kwa mbuzi wanne wa mjomba wangu. Mbuzi wale hawakurudi.

Huku kwetu majina ni mtihani wenyewe. Issa na Isa, Saidi na Said, Fatuma na Fatma. Mtoto kaandikishwa shule kwa jina la babu, cheti cha kuzaliwa kina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la ukoo. Kaa mezani, panga karatasi zote tatu pembeni kwa pembeni, soma herufi kwa herufi ukiwa na mtu wa pili. Kama bado uko shule, kimbilia kwa mkuu wa shule kabla ya usajili wa mtihani wa taifa kufungwa. Wakati huo kurekebisha ni kazi ya siku chache. Ukishapata cheti, utahitaji hati ya kiapo kwa wakili au hakimu, na kama majina yanatofautiana kabisa, hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Cheti cha kuzaliwa kinaombwa kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya, na kikishapatikana kinatakiwa kuhakikiwa mtandaoni kwa ajili ya mkopo. Aliyefiwa na mzazi afanye vivyo hivyo na cheti cha kifo. Hapa vijiji vyetu vinaumia sana, kwa sababu watu wetu wengi wamezikwa bila cheti. Anzeni kufuatilia wakati mtoto yuko kidato cha tano. Aliyesoma ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, aombe NECTA wamfanyie ulinganifu wa cheti chake mapema. Bila hiyo mfumo hautamtambua.

Hatua ya sita: pesa na kalenda ya shamba

Maombi ya vyuo vya afya hufunguliwa katikati ya mwaka. Ya vyuo vikuu huanza Julai, baada ya matokeo ya kidato cha sita, na awamu hufuatana hadi Septemba au Oktoba. Tazama ni miezi gani hiyo. Mikorosho inapuliziwa salfa, pesa inaingia shambani na haitoki. Minada ya korosho ni kuanzia Oktoba. Mzazi anayesema "tusubiri korosho" anasema tusubiri mwaka kesho.

Kwa hiyo pesa ya maombi itoke kwenye ufuta, ambao minada yake hutangulia. Weka pembeni mapema: maombi ya chuo kikuu kimoja kwa kawaida ni shilingi 10,000, fomu ya mkopo ni 30,000, na bado kuna wakili, picha, kuchapa, na nauli ya kwenda wilayani mara mbili au tatu. Ada yenyewe, nenda ukaulize chuoni kama inalipwa kwa awamu. Nimeona familia ikilipa awamu ya kwanza kwa mbaazi na ya pili kwa korosho, mtoto akamaliza bila kufukuzwa darasani hata siku moja.

Hatua ya saba: kujaza

Fungua barua pepe yako mwenyewe, kwa jina lako kamili, na nywila uiandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Usikubali mtu wa steshenari, hata mimi, atumie barua pepe yake au namba yake ya simu. Ujumbe wa kuchaguliwa utafika kwenye namba iliyoandikwa, na kama ni ya mtu mwingine hutauona. Laini iwe imesajiliwa kwa jina lako au la mzazi, na isibadilishwe hadi umeripoti chuo.

Namba ya mtihani iingize kama ilivyo: herufi S au P, namba ya shule, namba yako, mwaka. Pesa lipia kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo, kamwe usimtumie mtu kwenye simu yake. Kabla ya kulipa, hakikisha chuo kipo kwenye orodha ya NACTVET au TCU na kozi yenyewe imeidhinishwa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na usajili halali na bado kikatangaza kozi isiyoruhusiwa. Anayekuja stendi na kukuahidi nafasi kwa laki moja, mwondokee.

Ukimaliza, chapa ukurasa wa mwisho. Uweke kwenye bahasha moja na vyeti.

Hatua ya nane: baada ya kuchaguliwa

Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kikuu kimoja, utapata namba ya siri kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na lazima uitumie kuthibitisha chuo kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Usipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Wiki hiyo usiende shamba la mbali kusiko na mtandao. Kama huna budi, mwachie laini mtu wa mjini unayemwamini.

Fomu ya Bodi ya Mikopo hujazwa mtandaoni, kisha inachapwa, inasainiwa na kupigwa muhuri na serikali ya kijiji au mtaa, na wakili au hakimu, na mdhamini mwenye kitambulisho na picha, halafu inapakiwa tena. Mtendaji wa kijiji si kila siku yuko ofisini. Mpigie kabla ya kupanda bodaboda. Usisubiri uchaguliwe chuo ndipo uanze. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo inatolewa pia kwa stashahada za vipaumbele, zikiwemo za afya, kwa hiyo wa kidato cha nne nao wasome tangazo la mwaka wao.

Fomu ya maelekezo ya kujiunga isome yote, hasa ukurasa wa uchunguzi wa afya, ambao unajazwa na daktari wa hospitali ya Serikali. Hapa Masasi watu huenda Mkomaindo, fika asubuhi. Beba picha ndogo nane, nakala tatu za kila cheti, na risiti ya benki. Siku ya safari begi kubwa liende kwenye buti la basi. Bahasha ya vyeti halisi ukae nayo mapajani mpaka ufike kwenye dirisha la usajili.